Spika Kochini, Mkwe Sakafuni

Spika zenyewe aliziacha marehemu baba. Alizinunua miaka ya 70, enzi ambazo Tanga ilijivunia Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Ni masanduku mawili ya mbao, na ukilibeba moja peke yako, kesho yake unaamka umejishika kiuno. Zilikaa stoo miaka na miaka zikitwishwa ndoo. Nilipozitoa, ile pete ya sponji inayoshika koni ya besi ilikuwa imeoza, ukiigusa inamomonyoka kama keki ya juzi. Spika nyingi za umri huo huugua hivyo hivyo. Fundi akabandika pete mpya. Akataka kuja kuniunganishia nyaya, nikamwambia asijisumbue. Waya ni waya.

Usiku wa kwanza nikaweka dansi la zamani. Gitaa la solo likalia, saksafoni ikaja kama imesimama mlangoni. Besi hakuna. Sisemi ilikuwa ndogo, hakuna. Mke wangu akasikiliza kidogo kwa adabu, kisha akasema, "Mume wangu, hata simu yangu inajitahidi."

Asubuhi jirani akanisimamisha. Nyumba zetu za Ngamiani zimebanana, mmoja akipiga chafya wa pili anaitikia. "Baba, mdundo wako wa jana umenitikisia vikombe hadi saa tano." Yaani besi ipo, ila imehamia kwa jirani, na mimi mwenye mali nimeachiwa filimbi.

Ndipo nikashika futi. Sebule yangu ina urefu wa mita 4.2. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na ushee. Nusu yake inaenea sebuleni kwangu kama imekatwa na fundi cherehani. Sasa wimbi la namna hiyo, likishagonga ukuta wa mbele na wa nyuma, hujirundika kutani na kufa katikati. Na kochi langu liko wapi? Katikati. Ukuta wa nyuma umekaliwa na kabati la vyombo, na kabati la vyombo la mke wangu halisogezwi kwa ajili ya muziki.

Kuna njia ya kutafuta mahali pa spika ambayo inachekesha lakini inafanya kazi. Spika unaiweka pale unapokaa wewe. Halafu wewe unapita kule ambako spika ingeweza kukaa, sikio likiwa usawa wa koni, maana yake unatambaa. Mahali besi inapokujia imeshiba, hapo ndipo pa kuiweka. Sauti haibagui, mkibadilishana nafasi, mambo ni yale yale.

Jumamosi mke wangu alipokwenda sokoni nikaona ndiyo nafasi. Nikapandisha spika moja kochini. Kochi ni jipya, kwa hiyo nikaitandikia kanga ya mke wangu isikwaruze, na isije ikaanguka nikaiegemeza kwa mto. Nikafungulia muziki. Nikavua shati kwa joto, nikabaki na kikoi, nikaanza safari ya magoti nikijisemea, "Hapa haipo... hapa haipo... hapa inakuja..."

Mama mkwe wangu anaishi Pangani, na huja bila kupiga simu. Baadaye alidai alipiga hodi mara tatu. Namwamini, muziki ulikuwa juu. Mimi wakati huo nilikuwa nimefika kona ya jokofu, besi ikanipiga kifuani sawasawa, nikapayuka: "Ipo! Ipo hapa yote!"

Nikageuka. Mama yuko mlangoni na kapu lake la samaki. Anaitazama kanga ya mwanawe, kanga aliyoinunua yeye, imekaliwa na sanduku lililoegemezwa mto kama bibi harusi. Kisha akanitazama mimi.

Kikoi kilikuwa kimelegea kiasi ambacho mtu hasimami ghafla mbele ya mama mkwe. Nikabaki pale pale, magoti na viganja chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu, adabu ni adabu. Akatua kapu polepole. "Baba, umeanza lini?"

Nikasema natafuta besi. Akaniuliza ilikuwa ikikaa wapi kabla haijapotea. Nikazidi kuharibu: nikasema inapenda konani, katikati ya chumba inakufa, na usiku huwa inahamia kwa jirani. Mama akatoka kinyumenyume. Dakika tano baadaye alirudi na jirani yule yule, ameshika chetezo, ubani unafuka. Jirani badala ya kunitetea akathibitisha: "Kweli mama, juzi ilikuja kwangu. Vikombe vilicheza."

Aliyeniokoa ni mke wangu, ambaye alicheka mpaka akakaa sakafuni na mboga zake. Kwa huruma ya siku hiyo nikaruhusiwa kusogeza kabati, kochi likaenda karibu na ukuta. Jokofu likahama. Spika moja ikaingia upande ule, sentimita 40 hivi kutoka konani, kwa sababu ikizama kona yenyewe besi inavimba, inabaki mngurumo tu usio na noti. Ya pili upande wa pili. Nikawasha zote mbili mbele ya mashahidi.

Besi hakuna.

Nikazima ya kushoto: besi hii hapa. Nikawasha zote: imekwenda. Nikataka kulia. Mama, ambaye sasa ndiye alikaa kochini na kikombe cha chai, akatikisa kichwa. "Baba, moja ikiwa peke yake inaimba. Zikiwa mbili zinanyamaza. Hizo zimenuniana."

Nikaenda nyuma nikachungulia. Kwenye ya kulia nilikuwa nimechomeka waya wa chanya kwenye hasi. Tangu siku ya kwanza koni moja ikisukuma hewa, mwenzake anaivuta. Mimi niliyekaa katikati yao napata sifuri. Nikageuza nyaya. Uzi mnene ulipopigwa, vijiko vilijibu kabatini, na mama akashika chai yake kwa mikono miwili.

Alikuja kwa siku mbili. Hii ni wiki ya tatu. Kochini, pale penyewe kabisa, anakaa yeye na kuniagiza niweke dansi la ujana wake. Mimi nimepewa kigoda katikati ya chumba.