Arduino na kompyuta ya mezani kwenye mizani moja

Arduino Uno, bodi ndogo ya kujifunzia elektroniki, inaendeshwa na chipu ya ATmega328P: biti 8, megahezi 16, RAM ya baiti 2,048. Raspberry Pi 5, kompyuta ndogo ya bodi moja, ina viini vinne vya Cortex-A76 vya gigahezi 2.4. Weka pembeni yake kompyuta ya mezani yenye kichakataji cha kisasa, kisha zote tatu zipe programu ileile na uandike sekunde zake kwenye jedwali moja. Wapo wanaoliona jedwali hilo kuwa upuuzi, sawa na kupima uzito kwa rula. Sikubaliani nao, ingawa hoja zao ni nzito kuliko wapenzi wengi wa majedwali wanavyodhani.

Kwanza faida yake. Kwa hezi (mizunguko ya saa ya chipu kwa sekunde) peke yake, kiini kimoja cha Pi 5 kinaizidi Uno mara 150. Endesha programu ya kutafuta namba tasa, utaona pengo ni kubwa zaidi ya hapo. ATmega hujumlisha namba za biti 32 kwa hatua nne, na kwa kuwa haina amri ya kugawanya, kila mgawanyo hufanywa na programu ndogo inayokula mizunguko mingi ya saa. Cortex-A76 hutekeleza amri kadhaa katika mzunguko mmoja. Hayo huyaoni kwenye tangazo la chipu, unayaona ukipima muda. Jaribio hilo pia hukufichulia makosa yako mwenyewe: umesahau kuiamuru kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za chipu) iboreshe msimbo, au umeiacha chipu ikienda kwa masafa ya chini kuliko uwezo wake.

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaonisumbua zaidi. Msimbo kuwa uleule hakumaanishi kazi ni ileile. Kwenye Uno, aina ya namba za desimali iitwayo double kwa kawaida ina biti 32, wakati kwenye kompyuta ya mezani ina 64. Anayekokotoa pai kwenye mashine zote mbili anadhani anashindanisha kasi, kumbe moja imepewa mzigo mwepesi na inarudisha tarakimu chache zilizo sahihi. Int, aina ya namba kamili, nayo kwenye Uno inaishia 32,767. Kitanzi (sehemu ya msimbo inayojirudia) kinachoitumia kuhesabu hadi 100,000 hakifiki mwisho. Kisha kuna bodi ya ESP32, ambayo ina sehemu maalumu ya kukokotoa desimali za biti 32, lakini za biti 64 inazifanya kwa programu. Bodi ya Teensy 4.0 inaziweza zote mbili ndani ya silikoni. Badilisha float (desimali za biti 32) kuwa double (za biti 64), na pengo kati ya bodi hizo mbili linapanuka ghafla bila chipu yoyote kuguswa.

Kompaila nayo ni mchezaji uwanjani. Ikiona matokeo ya kitanzi hayatumiki popote, inaweza kukifuta chote, na kompyuta ya mezani ikatangaza sekunde sifuri. Dhrystone, kipimo cha kasi ya kompyuta alichokitoa Reinhold Weicker mwaka 1984, kiliharibiwa sifa kwa njia hiyo: kompaila zilizidi kuwa hodari na alama zikapanda kwa kazi ambayo haikufanyika. EEMBC, muungano unaotunga vipimo vya vichakataji, walileta kipimo cha CoreMark mwaka 2009 ili kuziba mianya hiyo. Inapitia orodha, inazidisha matrisi, inahakiki matokeo kwa CRC (namba ya kukagua makosa), na inataka jaribio lidumu angalau sekunde 10. Hata hivyo data yake ya kawaida ni baiti 2,000. Kwa Uno hiyo ni karibu RAM yote. Ukiiweka humo unabaki na baiti 48 za kila kitu kingine. Kwa chipu ya mezani, data hiyo inakaa yote ndani ya kache ya kwanza (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu kabisa na kiini), na mfumo mzima wa kumbukumbu, ambao ndio gharama kubwa ya chipu hizo, hauulizwi swali hata moja.

Halafu kuna kazi ambazo kasi ya jumla haizigusi. Cortex-M4, kiini cha chipu ndogo za kuongozea vifaa, huanza kuitikia ishara ya kukatiza (inayoitaka chipu isitishe kazi na kuihudumia mara moja) ndani ya mizunguko 12 ya saa, mradi kumbukumbu haiicheleweshi. Linux ya kawaida kwenye bodi au mezani haiwezi kutoa ahadi ya namna hiyo, kwa sababu mfumo endeshi una shughuli nyingine. Kwa kuongoza mota, aliye wa mwisho kwenye jedwali anaweza kuwa ndiye anayefaa. Muda wa jaribio nao una neno: Raspberry Pi 4 isiyo na kipoozi hupunguza kasi ikifika nyuzi 80 za Selsiasi, na sekunde 10 hazitoshi kulionyesha hilo.

Kwa hiyo jedwali libaki, ila nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu ziondoke. Mbele ya muda ziandikwe biti za namba zilizotumika, kompaila na maagizo yake, na umeme uliotumika hadi kazi ikaisha. Na kabla ya yote hayo, kila mashine ichapishe jibu lake. Majibu yakitofautiana, safu ya muda iachwe wazi mpaka sababu ijulikane.