Magugu Yangu Yameandikiwa Barua

Kamati ya bustani yetu imeniandikia barua. Barua ya adabu tele, ndivyo Waingereza wanavyogomba: wanashukuru kwa juhudi zangu, wanaelewa kwamba kila mtu ana majukumu, ila kiploti changu kimezidi magugu na wanaomba niyang'oe kabla ya ukaguzi ujao. Hayo magugu ndiyo mboga yangu.

Niwape picha mlioko nyumbani. Hapa Birmingham, kama miji mingi ya Uingereza, kuna maeneo yaliyokatwa viploti vya kulimia mboga. Kiploti kamili kina mita za mraba kama 250. Unalipa kodi kidogo kwa mwaka, unapanda viazi, maharage, vitunguu, unachotaka. Foleni ya kukipata ni ndefu, lakini si hisani ya diwani. Sheria ya 1908 inaitaka halmashauri itoe viploti pale wananchi wanapovihitaji, na ya 1925 ikaongeza kwamba ardhi iliyonunuliwa au kutengwa kwa kazi hiyo haiuzwi bila ruhusa ya waziri. Soma tena hapo, wewe uliyelala mtaani kwenu pana kiwanja cha wazi ukaamka pana ukuta.

Kwa hiyo kanuni zao naziheshimu. Asiyelima anyang'anywe, wapewe wanaosubiri. Kinachonikera ni kwamba mimi nalima na ninakula, ila nakula kitu wasichokitambua.

Kuna mmea huku unaitwa fat hen. Haupandwi, ukishatifua udongo tu umeshajiotea. Majani yake machanga yana kitu kama unga mweupe, ukimwagia maji yanateleza, jani linabaki kavu. Ni wa ukoo mmoja na mchicha, na hata ulaji wake ni uleule: chemsha kidogo, mwaga maji, rudisha sufuriani na kitunguu na nyanya. Mpelekee mtu na ugali wake usimwambie kitu, hatauliza. Halafu kuna dandelioni, yenye maua ya njano, ambayo ukiivunja inatoa utomvu mweupe na uchungu wake unafika hadi masikioni. Mtu wa Tanga akionja ataitaja bila kufikiri: mchunga! Siyo wenyewe, lakini ni ndugu. Nami naupika kama tulivyokuwa tukiupika Muheza, kwa tui, ingawa tui lenyewe ni la kopo na kukuna nazi nimeshasahau.

Mzee wa kiploti cha jirani, mtu mwema sana, huung'oa huo fat hen na kuutupa kwenye mboji ili apate nafasi ya spinachi. Spinachi nayo ni ya ukoo uleule. Konokono wanaimaliza, anapanda tena, wanaimaliza. Na katika nchi hiihii kuna watu wanalipa kiingilio Jumamosi ili mwalimu awatembeze porini awaonyeshe majani ya kula! Hapo ndipo ninapowachoka Waingereza.

Ila wakinichosha wao, nyinyi mnanimaliza kabisa. Nilimtumia mama mdogo picha ya sufuria, akanijibu kwa sauti, ameshusha pumzi kabisa: "Mwanangu, hali imekuwa mbaya kiasi hicho?" Mama mdogo huyuhuyu aliyetulea kwa mchunga na mnavu! Siku hizi mgeni akija kwake mnavu unarudishwa jikoni, inatoka kabichi. Huku aibu ni shamba lako kuonekana lina magugu. Kwetu aibu ni kuonekana unayala.

Najua yanayokuja. "Kapanda ndege juzi, leo anatufundisha kula majani." Simfundishi mtu. Pale Tengeru, Arusha, tangu 1992 kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, na kazi yake mojawapo ni mbegu za mchicha, mnavu na mgagani. Kenya wana Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyezisomea na kuzipigania mboga za asili miaka nenda rudi. Mnavu wanaouita managu umepanda hadi supamaketi za Nairobi na watu wanaulipia wakiwa wamevaa tai. Wakenya wametuzidi hapo, na msidhani nimefurahi kuandika hivyo.

"Wewe una chaguo ndiyo maana unayasifu." Haya, hilo nalikubali nusu. Wengi wetu tulikula mboga za porini kwa sababu nyingine haikuwepo, na aliyekula kwa kukosa hapendi kukumbushwa. Lakini uji nao tulikunywa kwa kukosa chai ya maziwa, mbona haujakatazwa kwa wageni?

"Mboga za mjini zenyewe zinanyweshwa nini?" Ndiyo hapo sasa! Mnayajua maji machafu ya mto Msimbazi, pale Dar, kuliko mimi. Mdogo wangu amejenga Kibamba, hukohuko Dar, ana eneo linalozidi kiploti changu mara mbili. Amepanda ukoka mwanzo mwisho. Mvua ikinyesha mashona nguo na mchicha pori vinajitokeza vyenyewe pembeni ya tangi la maji, havijui bonde wala mfereji, naye anamlipa kijana avifyeke. Jioni anatuma mtoto gengeni akalete fungu la mchicha, na umelimwa wapi haulizi.

Nikamwambia aache walau kona moja ijiotee. Akaniuliza, wageni wataegesha wapi magari? Wageni gani, mdogo wangu? Mgeni wako mkubwa ni mimi, na mimi huwa nashuka na bodaboda.