Bendi za karo ya chuo: nani anajua mfuko wa mzazi?

Tangu serikali ya Kenya ibadilishe mfumo wa karo ya vyuo vikuu 2023, kila msimu wa kujiunga na chuo huku Kakamega stori ni bendi tu, yaani yale makundi matano ya uwezo wa familia, bendi 1 ikiwa ya maskini zaidi na bendi 5 ya wenye wanajiweza. Kuna wenye wanausifu na kuna wenye wanasema unaumiza maskini, na mimi naona pande zote mbili ziko na ukweli wake. Kwa ule mfumo wa zamani kila mwanafunzi wa serikali alikuwa analipa 16,000 kwa mwaka, awe mtoto wa tajiri wa Milimani Kisumu ama wa mama anauza omena Usenge, na vyuo vikabaki na madeni mpaka migomo ya walimu ikawa kawaida. Sasa wa bendi 1 anapata skolashipu asilimia 70, mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi) 25, nyumbani wanatoa 5, lakini wa bendi 5 skolashipu ni 30, mkopo 30, familia ijipange na 40. Chukua kozi ya 240,000 kwa mwaka: bendi 1 mzazi analipa 12,000, hata ile ya zamani ilikuwa juu, kwa hivyo wenye wanasema mpango wote ni wa kuumiza maskini hawajapiga hesabu.

Lakini kozi hiyo hiyo kwa bendi 5 ni 96,000, na hapo ndio nakasirika, juu anayekuweka kwa bendi ni fomu ya mtandaoni. Inauliza mapato ya wazazi, sasa mkulima wa miwa Mumias ajaze nini na muwa unakaa shambani karibu mwaka na nusu, halafu pesa ikiingia nusu ni ya kulipa madeni? Inaangalia pia shule ulisomea, na kuna watoto wengi walipita shule kubwa kwa harambee na bursari ya CDF (pesa za maendeleo za eneo bunge), kompyuta inaona jina la shule tu, aliyelipa haimuoni.

Na mkopo usisahauliwe. Huyo wa bendi 1 anakopa 60,000 ya karo na 60,000 ya matumizi, miaka minne ni 480,000 kabla ya riba ya asilimia 4, na kazi hana.

Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 mfumo unavunja katiba, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo 2025. Mimi sitaki turudi 16,000 kwa wote. Nataka chifu na mwalimu mkuu waulizwe kabla bendi itoke, na rufaa ya mzazi anayepinga bendi ijibiwe kabla ya siku ya kuripoti.