Altezza ya Ilazo na mjadala wa kuishusha

Jirani yangu hapa Ilazo, Dodoma, amenunua Toyota Altezza ya gia za mkono, na amebakiwa na hela ya kufanya jambo moja tu chini ya gari. Marafiki zake wanamwambia afunge koiloveri, yaani springi na shokomzoba zilizofungwa pamoja, zenye kimo cha kurekebishwa, alishushe. Fundi wake anamwambia anunue shokomzoba (zile zinazotuliza mdundo wa springi) mpya za aina ileile ya kiwandani, abadilishe bushi, zile raba za kwenye maungio, basi. Nimewasikiliza wiki nzima, na hakuna aliyesema upuuzi.

Nianze na vijana, maana huwa wanabezwa kabla hawajamaliza kuongea. Altezza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1998, imeshikwa kila tairi kwa amu mbili, yaani mikono ya chuma, ya juu na ya chini, mbele na nyuma. Mpangilio huo hufanya tairi likae vizuri kwenye lami hata bodi ikilala. Ila springi zake za kiwandani ziliwekwa laini ili abiria wasilalamike. Shika barabara ya Iringa, pita Mtera, anza kona za Nyang'oro: unakata usukani, bodi inalala kwanza, ndipo gari linaitikia. Koiloveri nzuri huondoa kule kusita. Anayeipenda gari kwa ajili ya kona ana haki ya kuitaka.

Tatizo linaanza ukirudi nyumbani. Si ajabu kukuta seti ya koiloveri ina springi ya kilo 8 kwa milimita, yaani inahitaji mzigo wa kilo 8 kuibonyeza milimita moja. Kwenye lami ya Morogoro utafurahi. Kwenye vumbi la mtaani lenye mawimbi madogo madogo, springi ngumu hivyo hairuhusu tairi kufuata ardhi. Tairi linarukaruka, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Kwa hiyo ugumu uliokununulia mshiko Nyang'oro unakunyang'anya mshiko Ilazo.

Halafu kuna vumbi lenyewe. Bodi ya koiloveri ina nyuzi kama za bolti, na pete mbili za kurekebishia urefu. Vumbi letu jekundu likichanganyika na grisi na maji ya kuoshea gari, likikauka, pete hazizunguki tena. Nimeona fundi akizigonga kwa patasi na nyundo hadi nyuzi zikalika. Mwenye gari alikuwa amelipia uwezo wa kupandisha na kushusha. Akaishia na kimo kimoja cha kudumu.

Wanaokata springi kwa grainda sina maneno mengi nao. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukiikata mmoja inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, wakati shokomzoba ni ileile ya zamani. Na ncha iliyokatwa haikai tena sawasawa kwenye kikombe chake. Tairi likining'inia kwenye korongo, springi inaweza kuhama.

Fundi naye asifikiri ameshinda. Anaposema "za kiwandani", mara nyingi anamaanisha za mtumba zilizokwisha kuchoka huko Osaka. Ukitaka kujua, futa shokomzoba kwa kitambaa kikavu, endesha siku mbili, kisha chungulia. Ikivuja, vumbi la Dodoma litakuwa limeganda pale kama uji uliokauka kwenye sufuria. Hapo hata isingekuwa Altezza, gari hilo halina mshiko.

Kuna njia ya katikati ambayo pande zote mbili waliipita haraka: kubakiza springi za kiwandani, kisha kufunga shokomzoba bora za mrija mmoja wenye gesi ya naitrojeni, zile ambazo Bilstein ilianza kuzitengenezea Mercedes-Benz mwaka 1957. Gesi hukandamiza mafuta yasitoe povu yakipata moto, na barabara ya vumbi huyapasha moto kweli. Kasoro yake ni kwamba jiwe likibonyeza mrija huo, pistoni inakwama, kwa sababu hakuna mrija wa pili wa kuilinda. Mimi ningeichukua hata hivyo, na hela ikibaki niongeze stabilaiza nene, ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia, inayopunguza kulala kwa bodi bila kuigusa springi.

Vijana walinijibu kwamba koiloveri za kisasa hushushwa kwa kuzungusha kitako cha chini, kwa hiyo shokomzoba haipotezi nafasi yake ya kupanda na kushuka. Ni kweli. Ila nafasi ndani ya fenda haiongezeki, na tairi litagusa bodi kabla shokomzoba haijafika mwisho.

Jumamosi tulipima. Tulipandisha mpira wa kuzuia vumbi, tukafunga kamba ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya shokomzoba, chini kabisa, ili gari likidundika kamba isukumwe juu na ibaki pale. Jirani akaendesha hadi Mtumba na kurudi, mwendo wake wa kila siku wa kazini: lami, matuta, na kipande cha vumbi cha kuingia kwake. Tukalala chini na tochi. Kati ya kamba na raba inayozuia shokomzoba isigonge mwisho kulikuwa kumebaki upana wa kidole kimoja, na gari lilikuwa bado halijashushwa hata sentimita moja.