Kisasili Kipi Kinastahili Kusimuliwa Upya?

Mwandishi anayetaka kusimulia upya kisasili cha Kigiriki hukwama kwanza kwenye uchaguzi: achukue kisa kinachojulikana, kama cha Odysseus au Oedipus, au achimbue kile ambacho wasomaji wengi hawajapata kukisikia?

Wanaopendelea visa visivyojulikana wana hoja nzito. Mtazame Tithonus. Eos, mungu wa kike wa mapambazuko, alimpenda kijana huyu, akamwombea kwa Zeus, mfalme wa miungu, asife milele, akasahau kumwombea asizeeke. Uzee ukamwandama Tithonus hata akashindwa kuinua mkono. Mwishowe Eos alimlaza chumbani akafunga milango, na sauti ya mzee ikabaki ikibwabwaja humo ndani bila kukoma. Aliyewahi kumuuguza mzazi aliyesahau hata majina ya wanawe anaujua mlango huo. Kisa hiki hakijachakazwa, na msomaji hawezi kumtangulia mwandishi.

Ila kisa kigeni kina gharama yake. Kurasa za mwanzo huishia kueleza nani ni mwana wa nani, na lolote utakalobadilisha halionekani, maana msomaji hajui lilikuwaje awali. Hapo ndipo kisa maarufu kinaposhinda. Ola Rotimi wa Nigeria, katika tamthilia yake The Gods Are Not to Blame ya 1968, alimhamishia Oedipus katika nchi ya Wayoruba. Kwa Sophocles, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, Oedipus anamuua babake asiyemjua kwenye njia panda, wakigombania kupita. Kwa Rotimi, mauaji yanatokea shambani, katika ugomvi wa viazi vikuu, na kinachomtibua kijana ni kabila lake kutukanwa. Mwaka huo Nigeria ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Anayeikumbuka ile njia panda anaona mara moja kilichowekwa mahali pake, na kwa nini.

Kwa hiyo mimi niko upande wa visa vinavyojulikana, kwa sharti moja: mwandishi asisimame pale waliposimama wote. Fungua kitabu cha 22 cha Odyssey, utenzi wa Homer kuhusu safari ya Odysseus ya kurudi nyumbani kutoka vitani. Odysseus amekwisha kuwaua wanaume waliokuwa wakimposa mkewe. Wajakazi 12 waliolala na wanaume hao wanaamriwa kwanza wabebe maiti nje, kisha wasafishe meza na viti kwa maji na sponji. Kazi ikiisha, Telemachus, mwana wa Odysseus, anawatundika kwa kamba ya merikebu. Homer anasema miguu yao ilitapatapa kidogo, si kwa muda mrefu. Basi.

Mwandishi wa Kanada Margaret Atwood aliwapa wajakazi hao sauti katika riwaya yake The Penelopiad mwaka 2005, na wapo watakaosema mlango huo umeshafungwa. Sioni hivyo. Nyumba ile ilikuwa na wajakazi 50. Usiku uleule wale waliobaki waliitwa, wakaja na mienge mikononi, wakamkumbatia bwana wao, wakambusu kichwa, mabega na mikono. Homer anatuambia Odysseus alitaka kulia, kwa kuwa aliwatambua wote. Hasemi wao waliwaza nini, wala kama kamba ilikuwa bado inaning'inia uani. Kisa changu kingeanza na mmoja wao, ameshika mwenge, anakatiza ua.