Karatasi ya daftari nayo ni mkataba

Juzi mvua ilinikuta kwa mama mdogo, Mbagala. Sebuleni ndoo mbili, chumbani sufuria la wali linakinga maji. Na paa hilo fundi ameliezeka upya mwezi wa tatu tu hapa!

Nikamuuliza kama waliandikishana. Akatoa kabatini mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Bati 40 geji 28, anunue fundi kwa pesa ya mama. Kenchi mbili zilizooza zibadilishwe. Ufundi 800,000, nusu kwanza, nusu kazi ikiisha. Chini sahihi yake, ya fundi, na ya jirani aliyeshuhudia. Bati zilizoko juu ni geji 30, nyepesi zaidi, na kenchi hazikuguswa.

Kilichoniuma zaidi ni jibu la fundi kwenye simu: "Mama, ile karatasi haina muhuri wa mwanasheria, huwezi kunipeleka popote." Na waliokuwepo pale sebuleni wakatikisa vichwa kumkubalia.

Jamani, nani alitufundisha hivi? Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hakitaji muhuri. Kinataka watu wazima wenye akili timamu, wamekubaliana kwa hiari, kuna malipo halali na kazi halali. Basi. Kwa kazi kama hii hata makubaliano ya mdomo yanafunga, sembuse karatasi yenye sahihi tatu! Ukijenga ghorofa, mwone mwanasheria. Lakini mjane aliyeweka akiba ya miaka aambiwe sahihi ya fundi haina maana kwa sababu hakuilipia muhuri? Hapana. Kifungu cha 73 kinampa fidia ya hasara aliyoipata: tofauti ya bei ya bati, kenchi, dari lililolowa. Na madai ya mkataba yana miaka 6 kabla ya kupitwa na wakati, kwa hiyo fundi asidhani kuzima simu miezi miwili kunamaliza mambo.

Polisi watakwambia hilo ni dai, nenda mahakamani. Wako sahihi.

Ukisainishwa kwa vitisho au kwa kudanganywa, hapo unaweza kuukataa mkataba. Nami nakubali, kwa shingo upande maana bado nina hasira, kwamba mafundi nao wanaumizwa: mwenye nyumba anaongeza "nipakie na rangi hapo" bila kuongeza hela, au nusu ya mwisho haitoki. Karatasi hiyohiyo inamfunga na mwenye nyumba.

Jumatatu naongozana na mama mdogo Mahakama ya Mwanzo. Kopi tatu zimeshatolewa, jirani shahidi amekubali kuja, na kipande cha bati chenye chapa ya geji 30 nimekifunga kwenye kanga, kiko mlangoni.