Hatua ya sita na daftari la michango

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa kanda hii, walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani majirani wanaokutana nyumbani kusali, kuwa kipaumbele cha uchungaji Afrika Mashariki, ili Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Leo ukizunguka Nyalenda au Manyatta, Kisumu, mara nyingi kinachofika mlangoni kwanza ni daftari la michango. Swali linalowagawa viongozi ni hili: chama cha akiba na mikopo kikae ndani ya jumuiya au kitoke?

Wanaokitetea wana hoja nzito. Mama muuza omena akifiwa, ni jumuiya inayochanga pesa za gari la kusafirisha mwili, inayopika matangani na kukesha naye. Yakobo 2:15-16 haimpi nafasi mtu wa kumwambia mwenye njaa "nenda kwa amani" na kumwacha hivyo hivyo.

Lakini tazama dakika zinavyokwenda. Jumuiya nyingi hufuata hatua saba za kushirikishana Biblia zilizotoka Lumko, taasisi ya kichungaji ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyowagusa, kukaa kimya, kushirikishana, kujadili utume, kusali. Ya sita ndiyo inayowatoa watu nje ya chumba, na ndiyo inayorukwa. Inakuja giza linaingia, watoto wanasinzia, na mweka hazina ameshaanza kusoma majina.

Kuna dhara jingine, la kimyakimya. Aliyekosa kurejesha mkopo mara mbili huona haya. Wiki ya tatu anazima taa na kusikiliza wimbo ukiimbwa nyumba ya pili. Huyo ndiye aliyefaa kutembelewa. Kisha akihitaji barua ya mwenyekiti ili mtoto abatizwe, daftari lile lile linafunuliwa, na sakramenti inaonekana kama ina bei. Hili halivumiliki.

Chama kibaki, ila kitengwe kabisa: siku yake, daftari lake, mweka hazina asiye kiongozi wa jumuiya, na majirani wa madhehebu mengine wakaribishwe. Mfuko wa wagonjwa na wafiwa uwe wa jumuiya, kwa sadaka isiyoandikwa majina. Hatua ya sita ipewe dakika 15 na isifungwe bila watu wawili, nyumba moja na siku: "Jumamosi, nyinyi wawili, kwa yule mama aliyejifungua." Mkutano unaofuata uanze na taarifa yao. Wasipokwenda, wasikemewe, waongezewe mwenzao.

Halafu chai. Katika ploti za Rhonda, Nakuru, mtu hukwepa zamu ya kupokea jumuiya kwa sababu nyumba ya kwanza ilitoa mandazi na ya pili ikaongeza mayai. Kubalianeni maji ya kunywa tu, kwa kila nyumba, hata ya mwenyekiti. Hapo zamu itamfikia mpangaji wa chumba kimoja, na jirani ambaye hajawahi kualikwa atasikia Injili kupitia ukuta wa mabati.